Nilivyokwenda Kusoma Guangzhou Nikaishia Kusahihisha Kanga

Tangu nirudi nyumbani Njombe, kila anayepita dukani kwa mama ananiuliza swali lile lile: "Tumaini, huko China kukoje?" Nikijibu kwamba ni kuzuri, haridhiki. Nanyi wenzangu wa darasa la Kichina, mlioniandikia muhula mzima mkitaka habari nikawa nawarushia picha za sahani, najua mmechoka kungoja. Haya, leo nimekaa. Mambo ya viza, mihuri na foleni za ofisini nayaruka, maana hata mimi nimekwisha kuyasahau. Naanzia pale basi lilipoondoka.

Njombe mpaka Dar es Salaam

Mnajua nilivyoondoka: kifua mbele. Tulichaguliwa wawili tu kwenda kusoma muhula mmoja ugenini. Mwenzangu alipelekwa mji wa kaskazini, mimi Guangzhou. Miaka miwili na nusu ya Kichina kichwani! Mama alinifungashia karanga za kukaanga na maparachichi mabichi aliyodai yataiva njiani. Alikuwa ameitangazia stendi nzima kwamba mwanawe anakwenda China na lugha yao anaijua.

Kwenye mteremko wa Kitonga tulikuta lori limelala katikati ya barabara. Magari yamepanga foleni kupanda na kushuka, watu wamekaa kwenye mawe wanakula mahindi. Kando ya lori alisimama Mchina mmoja mwenye kofia ya ujenzi, anaongea na simu. Konda wetu akaniona ninavyomtazama.

"Dada Mchina," akaniita, "hebu kamuulize mwenzako tunatoka hapa saa ngapi."

Abiria wakanizunguka. Nikakohoa, nikaipanga sentensi yangu vizuri, nikamwamkia yule bwana kwa heshima zote za kitabuni na kumuuliza. Akanitazama, akatabasamu.

"Dada, subirini kidogo tu," akajibu kwa Kiswahili. "Winchi imeshafika Ilula, inakuja."

Tena kwa lafudhi ya Iringa! Watu walicheka mpaka wengine wakashikilia mawe. Nilicheka nami, lakini moyoni nilijiambia: amejibu, maana yake ameelewa. Nikafika Dar ninaelea.

Addis Ababa, kwenye sakafu ya kusubiria

Ndege ya kwanza haikuwa na kisa. Kisa kilitungoja Addis: dhoruba imepiga pwani ya kusini ya China, na ndege yetu ya Guangzhou haitaruka mpaka itulie. Ukumbi ulijaa wafanyabiashara. Wakongo walikuwa wanalalamika kwa Kifaransa, Wakenya wanataniana kwa Sheng, na watoto wanakimbizana kati ya mabegi. Nikapata nafasi sakafuni kando ya mama mmoja aliyevua viatu na kuegemea begi lake kana kwamba yuko sebuleni kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapo. Umekula?"

Kabla sijajibu alikwisha kufungua foili. Ndani mlikuwa na ndizi za kuchoma na nyama ya mbuzi, bado ina harufu ya moshi wa kuni. Jina lake Mama Doreen, ana duka la nguo Moshi mjini, na Guangzhou huenda kufunga mzigo kila bidhaa zinapopungua dukani. Nilipomwambia nasomea Kichina, aliacha kutafuna.

"Unakisoma kabisa? Kukiandika na kukisema?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi miaka yote hii nina maneno manne: kiasi gani, ghali, hakuna, haiwezekani." Akanyoosha vidole vinne vyenye mafuta. "Na hayo manne yamesomesha watoto! Sasa wewe mwenye kitabu kizima si utanunua mji?"

Tulikaa pale tukila, tukisinzia, tukiamshwa na matangazo yasiyosema lolote jipya. Akanieleza habari za Doreen, binti yake wa pekee, nesi, anayeolewa mwisho wa mwaka. Ndege ilipoitwa hatimaye, akanipa simu yake niandike namba yangu. "Nikija tena kabla ya harusi nitakutafuta," akasema. "Kuna kazi nataka kuifanya kule, na hiyo siyo ya biashara."

Guangzhou, nikiwa bubu

Jamani, ule mji! Nilitoka nje ya uwanja, joto la mvua likanikumbatia kama blanketi lililotolewa kwenye maji ya moto, na sikujali. Treni inapita chini ya mto, majengo yanawaka rangi, miti inaning'iniza mizizi juu ya vichwa vya wapita njia. Siku ya kwanza nilitembea mpaka soli ya kiatu kimoja ikabanduka, na nikacheka peke yangu barabarani.

Kilichonikuta siku ya pili sikukitegemea. Wazee wa mtaa wa chuo chetu wanaongea Kikantoni, lugha yao wenyewe, na haifanani na chochote nilichofundishwa. Wanaotoka mikoa mingine wanaongea Kichina cha kitabuni, lakini kwa kasi na lafudhi ambazo kitabu hakikunionya. Kwenye bwalo la chuo nikamwomba mama wa dirishani bakuli la supu. Nadhani sauti yangu ilipanda mahali ilipotakiwa kutulia, maana supu na sukari kwao vinatenganishwa na sauti tu. Mama yule akaniuliza mara mbili. Mara mbili nikaitikia kwa kichwa, bila shaka yoyote. Akachukua bakuli, akalijaza sukari, akanikabidhi kwa mikono miwili. Foleni yote nyuma yangu ikaangua kicheko. Nami, kwa aibu ya kurudisha, nikalibeba mpaka chumbani. Chai yangu ilikuwa tamu muhula mzima.

Kisha likaja jaribio la kutupanga madarasa. Mwalimu wetu, mama mmoja mpole mwenye miwani, alisoma karatasi yangu akafurahi. Kisha akaniuliza maswali kwa mdomo, nikakauka. "Kusoma unajua," akasema taratibu. "Kusema, bado." Akanipeleka darasa la wanaoanza, kwa watu wanaojifunza kuhesabu na kusema majina yao.

Basi nikanyamaza. Dukani nilikuwa nanyoosha kidole, na dereva wa teksi namwonyesha simu. Kitu kimoja kiliniokoa: jioni akina mama wa mtaani walikuwa wanacheza muziki uwanjani, wamepanga mistari, na siku moja mmoja wao akanivuta mkono nikaingia. Kucheza hakuhitaji sarufi! Nikawa nakwenda kila jioni, nacheka, natoka jasho, narudi bwenini bila kusema hata neno moja.

Xiaobei

Mwishoni mwa Novemba simu ikalia. "Tumaini! Bado uko hai? Njoo Xiaobei ule chakula cha watu."

Nikashuka kwenye treni katika mtaa huo wa wafanyabiashara Waafrika, nikasikia Kiswahili kabla sijaona mtu. Mama Doreen alikuwa mlangoni pa Tianxiu, lile jengo refu la maduka na mawakala wa mizigo, anabishana na kijana wa Kizanzibari kuhusu ukubwa wa maboksi. Akanikumbatia, akaniingiza kwenye lifti iliyojaa magunia, tukapanda kwa dada mmoja wa Tanga anayepika nyumbani kwake. Ugali, mchicha wa nazi na samaki. Nilifumba macho kwa tonge la kwanza.

"Sasa sikia," akasema Mama Doreen tulipokuwa tunanawa. "Nimeagiza kanga za kichen pati ya Doreen zichapwe huku. Sare ya akina mama wote, ya upande wetu na ya upande wa bwana harusi. Jina la kanga nimelitunga mwenyewe. Leo nakwenda Kangle kuona zilivyotoka. Keshokutwa wakala anafunga mzigo wa ndege, na ukishafungwa, umefungwa. Twende wote."

"Mama, naogopa. Wanaongea haraka mno."

"Nani kakwambia mimi siogopi? Naingia kule na maneno manne! Kausha mikono, twende."

Kangle

Kangle ni kijiji kilichomezwa na jiji, ng'ambo ya mto, jirani na masoko ya vitambaa. Nyumba zimesogeleana mpaka watu wa madirisha mawili wanaweza kupeana chumvi. Kila chumba cha chini kina cherehani zinazolia, na vichochoroni pikipiki za umeme zinapita na majora ya vitambaa, unajibanza ukutani zipite. Nilipapenda papo hapo. Nguo mnazonunua mnadani huenda zilipita pale.

Karakana tuliyoiendea ilikuwa ya Dada Chen, mama wa makamo kutoka mkoa wa Hubei, mfupi, mwenye sauti ya kuamrisha na futi ya fundi shingoni. Hapo kila mwenye duka au karakana anaitwa laoban, yaani bosi, na Mama Doreen aliingia akiita "Laoban! Laoban!" kama mtu anayebisha hodi. Mashine ya kuchapa ilikuwa inatema kanga ya njano na zambarau, nzuri ajabu, maua ya kahawa kwenye mji, ile sehemu ya katikati, na mikungu ya ndizi kwenye pindo. Mama Doreen akaipapasa kwa mkono. Kisha akasogeza uso karibu.

"Tumaini, hebu nisomee hapa. Macho yangu ya uzee haya."

Nikasoma kwa sauti: "Ndoo njema ni baraka ya Mungu."

"Nini njema?"

"Ndoo, mama."

Alikaa juu ya jora. Kisha akasimama. "Ndoo! Nimeandika ndoa! Ndoa njema ni baraka ya Mungu! Wakwe wataingia ukumbini wamevaa ndoo! Na kichen pati yenyewe ndiyo ya kuletewa vyombo. Si watasema mama yake Doreen amechapa kanga kuomba ndoo?"

Akamgeukia Dada Chen akamimina Kichaga, Kiswahili na yale maneno yake manne. Dada Chen naye akapandisha sauti. Katika maneno yake nililisikia moja likipita mara nyingi: bu xing, haiwezekani. Hilo hata Mama Doreen alilijua. Cherehani zikasimama, mafundi wakatutazama.

"Mwambie," Mama Doreen akaniambia, macho yameshaanza kulowa. "Mwambie amechezea harusi ya mwanangu."

Nikatazama huku na huku kama nilivyozoea dukani. Lakini pale hakukuwa na dirisha la kunyooshea kidole. Nikasema kwa Kichina, vibaya: "Hii herufi, makosa. Huyu mama anataka neno la kuoana. Hapa imeandikwa..." Neno la ndoo likanikimbia. Nikaangaza macho, nikaiona ndoo ya kudekia kwenye kona, nikaenda nikainyanyua juu kwa mikono miwili. "Imeandikwa hii!"

Dada Chen akaitazama ndoo, akanitazama mimi, akasema polepole, kwa mara ya kwanza polepole: "Najua. Ndiyo. Ndoo."

"Ulijua?"

Akatoa simu yake. Kabla ya kuchapa alikuwa ameipa maneno yale iyatafsiri, ili asiharibu kazi ya mtu. Simu ikamwambia: ndoo njema ni baraka ya Mungu. "Nikasema, kumbe nao wako kama sisi," akaeleza. "Kwetu Hubei bibi harusi anapokwenda kwa mume anapewa ndoo nyekundu. Ndani tunatia mayai, karanga na tende, apate watoto. Mimi mwenyewe nilibeba yangu. Sasa kosa liko wapi?"

Nilipomtafsiria Mama Doreen, aliitazama ile ndoo upya. Lakini hasira haikumtoka. "Desturi nzuri, nawapongeza. Ila mimi niliandika ndoa."

Dada Chen akaleta kipande cha boksi alichoandikiwa na mteja wake. Mwandiko wa Mama Doreen, wino wa buluu. Nikausoma mara mbili. Ile *a* ya mwisho wa "ndoa" ilikuwa duara tupu, haina mkia wala mguu. Mtu asiyejua Kiswahili angeisoma *o*, na mimi mwenyewe, kama nisingejua habari za harusi, ningeisoma *o*.

Hapo ndipo nilipotamani niwe bado bubu. Wote wawili walikuwa wananitazama mimi. Mama wa watu amenilisha tangu Addis, amelia mbele yangu, ni sawa na mama yangu kwa umri.

"Mama," nikasema, "samahani sana. Naomba tuangalie hapa pamoja."

Nikamshikia boksi. Akaliweka mbali, akaliweka karibu. Akafuata lile duara kwa kidole. Nikawa nangoja anifokee.

"Loo," akasema. "Mwalimu wangu wa darasa la pili alinichapa kwa hii hii *a*. Akasema, Eliwaza, siku moja itakutia aibu." Akaguna, mabega yakaanza kutikisika, na nikagundua kwamba anacheka. Akamfuata Dada Chen, akamshika mikono yote miwili. "Tumaini, mwambie nimekosa. Mwambie anisamehe. Kisha mwambie nina siku mbili tu, nifanyeje?"

Nikamwambia. Sijui sarufi yangu ilikuwaje, sikuisikiliza. Nikaeleza kichen pati ni nini, nikaeleza kwamba akina mama huingia wakiimba wamevaa kanga moja, na kila mtu husoma jina lake kabla ya kusema hujambo. Dada Chen akasikiliza bila kunikatiza. Akauliza, "Binti wa pekee?" Nikajibu ndiyo. "Wangu pia ni wa pekee," akasema. Akamwita fundi wa mashine, akampa amri mbili tatu. Kazi ya mteja mwingine ikasogezwa, kwa sharti moja: mimi mwanafunzi nisiondoke mpaka kanga ya mwisho itoke, nisome kila herufi. Kitambaa kilichoharibika watagawana hasara.

Kwa hiyo nikakaa. Nikasoma "ndoa" mchana kutwa mpaka neno likapoteza maana. Mafundi wakaniletea tambi za kwao zilizopakwa ufuta uliosagwa, wakaniuliza nywele zangu zinasukwa vipi, Njombe kuna baridi gani, na kwa nini ninasema kama redio ya zamani. Nikajibu. Wakanirekebisha, nikajibu tena. Walitaka kujua kama nimeolewa, nikawaambia bado, wakaanza kunitafutia mchumba Hubei. Tulipomaliza, Mama Doreen alinitazama kwa mshangao.

"Wewe si ulisema unaogopa? Umeongea kuliko cherehani!"

Kwenye treni ya kurudi bwenini nilishindwa kukaa. Nilisimama njia nzima, nimeshika nguzo, natabasamu mwenyewe. Wiki iliyofuata nikaomba kujaribiwa upya. Mwalimu aliniuliza swali moja tu, nimefanya nini mwisho wa wiki, na kengele ikalia kabla sijafika kwenye ndoo. Nikahamishiwa darasa langu.

Kangle, mara ya pili

Siku ya kichen pati nilikwenda Kangle kwa sababu Mama Doreen alikuwa ameahidi kupiga simu ya video. Moshi ilikuwa mchana, Kangle taa zimeanza kuwashwa. Dada Chen akaegemeza simu yangu kwenye meza ya kukatia, akapiga makofi, na mashine zote zikazimwa. Sikuwahi kuisikia Kangle kimya.

Walianza kuingia. Mstari mrefu wa akina mama, njano na zambarau, wanaimba na kupeperusha vitambaa, na vigelegele vikawa vinakwaruza spika ya simu. Mafundi walikuwa wanaitambua kazi yao: "Lile pindo nililikunja mimi!" Doreen alikaa katikati amefunikwa, akafunuliwa, wote wakapiga kelele, na pale Kangle tukapiga nasi. Mwisho wakaja waliobeba zawadi. Mashangazi watatu walikuwa na ndoo kichwani, kila moja imefungwa kwa kanga iliyokosewa. Mama Doreen akasogea kwenye kamera, jasho linamtiririka: "Mwambie laoban nimeweka na mayai!"

Dada Chen alicheka mpaka akajifuta macho kwa futi yake. Simu ilipokatika, mashine zikarudi kulia, lakini yeye hakurudi kazini.

"Binti yangu anaolewa mwezi wa pili," akaniambia. "Mbali sana, kaskazini, kwenye theluji. Sijawahi kufika huko. Nataka kumchapia kanga. Niandikie maneno ya kwenu, ya mama kumwambia mtoto anayeondoka."

Nilikaa na kalamu muda mrefu. Niliwaza methali zote za bibi, hakuna iliyotosha. Mwishoni nikaandika kwa herufi kubwa, moja moja, zisizoweza kukosewa na mtu:

UENDAKO UKUTE KWENU.

"Inasema nini?"

Nikaitafuta kwa Kichina, nikaigeuza, nikaisema. Kule uendako, ukakute ni nyumbani. Dada Chen akairudia kwa midomo bila sauti. Akavaa miwani, akamsogeza fundi, akakaa mwenyewe kwenye kompyuta na kuandika, akinitazama baada ya kila herufi.

Doti ilipotoka ilikuwa bado na joto la mashine. Nikamweleza kwamba kanga huwa vipande viwili. Akachukua mkasi akavitenganisha. Kimoja akakikunja vizuri, akakiweka kwenye mfuko mwekundu. Cha pili akanizungushia mabegani.

"Nawe Januari unarudi kwenu," akasema. "Ukute bado ni kwenu."

Nilijitanda kipande hicho siku niliposhuka basi hapa Njombe, ukungu umetanda stendi nzima. Mama alikuwa ananisubiri kwenye kibaraza cha tiketi. Hakukimbia kunipokea. Alisimama akasoma kwanza, kwa sauti, jinsi wanawake wote husoma kanga.

"Uendako ukute kwenu." Akanitazama juu mpaka chini. "Umekuta," akasema, akanipokea begi.